Jiwe la kwanza halitoshi, tunataka kuona mukataba

Maneno tuliyosema mbele ya wakaaji wa kartie, Goma, 2024



Asanteni kwa kufika. Tunajua leo ni siku ya soko na wengine wenu mumeachia mutoto meza. Hatutawachosha. Tumekuja kuongea juu ya kitu kimoja tu: shantie za muji. Barabara, masoko, hospitali, madaraja. Nani analipa, nani anachagua kampuni, nani anaangalia kazi, na juu ya nini mara mingi tunabaki na jiwe la kwanza bila kuona la pili.

Wengi wetu hapa mbele tuko na diplome na hatuna kazi. Mumoja alisomea ujenzi, mwingine uchumi, mwingine sheria. Asubuhi mutatukuta ku parking ya pikipiki ao tunauza unite. Watu wanatuulizaka: "Nyinyi hamujajenga hata kibanda, munajua nini mambo ya barabara?" Ni kweli, hatujajenga. Lakini kusoma mukataba hakuombi katapila. Kunaomba mutu anayejua kusoma, na karatasi yenyewe. Mutu wa kusoma yuko. Karatasi njo haijaonekana.

Tuanze na yetu. Munakumbuka siku ile walipokuja kuweka jiwe la kwanza la barabara yetu. Hema, viti, muziki, hotuba. Tulipiga makofi, na sisi vijana pia tulipiga, tusidanganyane. Juma iliyofuata walipita na rangi nyekundu, wakaweka alama ya X ku nyumba na vibanda. Wakasema kila mutu abomoe mwenyewe, katapila isije kumubomolea. Watu wakabomoa. Mama mumoja, yuko hapa amekaa na hatutasema jina lake, alikata nusu ya nyumba yake kwa mikono ya watoto wake. Aliambiwa malipo yatakuja. Katapila ikaja, ikachimba, ikapasua mawe ya volkano, ikaondoka. Leo pahali pa barabara tuko na shimo refu. Mvua ikinyesha, maji yanapita mu nyumba yale hayakuwa yanafika mbele. Yule mama anaingia kwake juu ya mbao mbili. Malipo hakuna.

Tuliandika barua. Tulienda ku ofisi moja ya Leta, wakatuambia pesa zilitoka. Tukaenda ku kampuni, wakasema hawajalipwa na hawawezi kuendelea. Tukarudi ku ofisi kuomba mukataba, wakasema hiyo ni siri ya kazi. Sasa nani anadanganya? Pengine hakuna. Kati ya "pesa zilitoka" na "hatujapokea" kuko njia, na njia hiyo iko na vituo. Mukataba njo unaandika majina ya vituo. Bila kuuona, tutabaki kugombana na mulinzi wa geti, yeye pia hajui kitu.

Wazazi wetu, hii ugonjwa si ya kartie yetu, na haikuanza jana. Turudi nyuma kidogo.

Wakati wa Wabelgiji, mwaka 1952, walianzisha ofisi iliyoitwa Office des Cités Africaines. Wazee wanaijua kwa jina la OCA. Ilikuwa ndani ya mupango wao wa miaka kumi, 1949 mupaka 1959. Matete na Bandalungwa kule Kinshasa, Bagira hapa jirani Bukavu, zilijengwa na ofisi hiyo. Hatuko hapa kumusifu mukoloni. Makartie yale yalijengwa kwa kutenga watu weusi mbali na wazungu, na mwenye kukaa ndani hakuulizwa anataka nyumba gani. Franga zilitoka ku jasho la wazee wetu, mu shaba, mu pamba, mu kazi ya lazima. Lakini kuko kitu kimoja cha kutazama. Ofisi moja ilikuwa na plani, ilikuwa na pesa za miaka mingi mbele, na mutu alilipia nyumba yake kidogo kidogo kila mwezi. Kisha uhuru, tulipata haki ya kuulizwa. Ilibidi tuchukue ile nidhamu ya kazi na tuongeze haki yetu ndani. Mara mingi tulikosa vyote viwili.

Wakati wa Mobutu shaba iliuzwa bei nzuri mwanzo wa miaka ya 1970, na banki za inje zikakopesha bila kuuliza sana. Kule Kinshasa wakaanza munara wa Limete, urefu wake zaidi ya metre 200. Wakajenga laini ya umeme toka Inga mupaka Katanga, karibu kilometre 1,700, ikapita juu ya vijiji vyenye havina hata balbu moja. Kisha bei ya shaba ikaanguka. Munara wa Limete ulikaa miaka na miaka bila kumalizika. Deni lenyewe halikusimama, liliendelea kuzaa. Mwaka 2010 wakopeshaji walifuta karibu dola miliare 12 za deni la Kongo. Wengi wetu hapa tulizaliwa deni hilo likiwa tayari kubwa. Tulizaliwa tunadaiwa vitu tusivyoviona.

Lakini tusiseme kila kitu cha zamani kiliharibika. Angalieni daraja la Matadi. Lilijengwa kwa mukopo wa Japani na kufunguliwa mwaka 1983. Urefu wake ni metre 722, juu ya muto Kongo. Mupaka leo motokari zinapita. Juu ya nini daraja hili lilisimama, wakati barabara ngapi za wakati ule zimekuwa mashimo? Kwa sababu lilipewa ofisi yake ya kulichunga, yenye mafundi waliofundishwa, na kila motokari inayopita inalipa peaje. Peaje ile inasaidia kupiga rangi, kukaza bulo, kuangalia kamba za chuma. Si muujiza. Ni pesa ndogo ya kila siku yenye kurudi pahali ilitoka. Ata daraja lile liko na kidonda chake: lilitengenezwa likiwa na nafasi ya reli ya kwenda Banana, na reli haikukuja. Lakini linasimama.

Sasa tuje karibu. Mwaka 2008 serikali ilitia sahihi na makampuni ya China mukataba munaousikiaka kwa jina la Sicomines. Mupango ulikuwa hivi: wao watachimba shaba na kobalti kule Kolwezi, na watatujengea barabara na hospitali. Mwanzo walisema dola miliare 6 za majengo. FMI ikalalamika juu ya deni, mwaka 2009 ikashushwa kuwa miliare 3. Hisa, China 68 kwa mia, Kongo 32. Kuko vitu vilivyojengwa, hatukatai. Hôpital du Cinquantenaire kule Kinshasa ni nyumba iliyoanzwa na Wabelgiji mu miaka ya 1950, ikakaa mifupa tu zaidi ya miaka 50, ikafunguliwa mwaka 2014 kwa franga za mukataba huu. Lakini mwezi wa pili 2023, Inspection Générale des Finances, ile tunaita IGF, ilitoa ripoti: ku miliare 3 za majengo, zilizotoka ni milioni 822 tu. Miaka kumi na tano! Kisha, mwezi wa tatu 2024, wakajadiliana upya, na majengo yakapanda kuwa dola miliare 7.

Tuwaulize: toka 3 mupaka 7, hizi 4 zilikuwa wapi? Shaba haikuongezeka mu ardhi usiku mumoja. Kilichobadilika ni kwamba mutu alihesabu na hesabu ikawekwa mbele ya watu wote. Ripoti moja yenye kusomwa na kila mutu ilifanya serikali irudi ku meza. Njo maana tunasema mukataba si karatasi ya watu wa Kinshasa. Lakini tuwe macho. Mukataba mupya unasema pesa za kila mwaka zinafuata bei ya shaba. Shaba ikianguka, pesa zinapunguka. Mobutu alijengea juu ya bei ya shaba, tuliona mwisho wake.

Na munakumbuka programu ya siku 100, mwaka 2019. Madaraja ya juu ya barabara, ile Kinshasa wanaita saut-de-mouton. Walifunga njia kwa mabati, wakasema ni ya miezi kidogo. Watu wa Kinshasa walikaa mu ambuteyaje nyuma ya mabati kupita ile wakati walipewa. Kisha kesi ya nyumba 1,500 za kupandisha haraka, na dola zaidi ya milioni 48. Korti ilimuhukumu mukubwa wa kabineti ya Rais miaka 20 mwaka 2020. Mwaka 2022 korti ya rufaa ikamwachilia. Sisi si majaji, na hatuko hapa kumwita mutu mwizi. Lakini mutu akiachiliwa, swali la nyumba linabakia pale pale. Kesi inamalizika na mutu. Shantie inamalizika na funguo mu mukono wa mwenye kukaa.

Basi, kazi kubwa ya muji inafaa kupita wapi? Tuseme kwa njia ya nyumbani. Ukitaka kujenga nyumba yako hapa juu ya mawe, unafanya nini? Kwanza unamwita mutu anayejua, anapima kiwanja, anakuambia itaomba mawe ngapi, simenti ngapi. Hiyo ni etidi. Kisha unauliza mafundi watatu, kila mutu anakupa bei yake, unachagua. Hiyo ni apeldofri. Unamupa fundi pesa kidogo za kuanza, si zote. Akimaliza msingi, unatuma mutoto wa shemeji yako aliyesoma aende kuangalia, kisha unalipa msingi. Akimaliza ukuta, unalipa ukuta. Mwisho unabakisha kidogo mu mukono, mupaka mvua ya kwanza ipite na uone kama bati linavuja. Hakuna mama hapa anayeweza kumupa fundi pesa yote mbele ya msingi. Hata mumoja!

Kazi ya Leta iko vile vile, na sheria imeandikwa. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27/4/2010 juu ya marchés publics inasema apeldofri ya wazi njo kanuni. Kumupa mutu mumoja kazi bila kushindanisha, ile wanaita gré à gré, ni ya pembeni, na inaomba ruhusa maalumu. Ofisi inayotoa kazi, ofisi inayochunguza na ofisi inayosimamia kanuni, kila moja iko na nafasi yake. Pesa za kuanza zinaombaka garanti ya banki, ili kampuni ikikimbia banki irudishe. Na mu kazi kubwa kunakuwa mission de contrôle, watu wa pembeni wanaopima kama unene wa barabara ni ule ulioandikwa. Kampuni haijipimi yenyewe. Kisha kazi inapokelewa mara mbili: mara ya kwanza ikimalizika, mara ya pili kisha muda wa kuiangalia kupita. Kama barabara imepasuka mu muda ule, kampuni inatengeneza kwa pesa yake.

Ukijua vituo hivi, ile "pesa zilitoka" na "hatujapokea" haikutishi tena. Unauliza: garanti ya banki iko wapi? Nani alitia sahihi ku kipimo cha kwanza? Ni malipo ya kazi gani iliyotoka? Mutu wa ofisi anajua swali lako halitoki ku kilabu cha pombe.

Na yule mama wa mbao mbili? Katiba yetu, kifungu cha 34, inasema mali ya mutu haiwezi kuchukuliwa isipokuwa kwa faida ya wote, na kwa malipo ya haki yanayolipwa mbele. Mbele, wazazi wetu. Si kisha. Sheria ya 22/2/1977 juu ya kunyanganya mali inaonyesha njia ya kufuata. Rangi nyekundu si sheria. X ku ukuta si karatasi. Mutu akija na rangi, mumuombe kwanza karatasi.

Tunajua mutasema nini. Wa kwanza atasema: "Vijana, Sake inawaka, watu wako mu mahema, nyinyi munaongea mambo ya mitaro." Tunaelewa, na sisi pia tuko na ndugu mu kambi. Lakini angalieni vizuri. Toka tarehe 6/5/2021 jimbo letu liko chini ya état de siège. Asamble ya jimbo ilisimamishwa, hakuna depite wa jimbo anayeweza kumwita mukubwa na kumuuliza juu ya shantie. Kama macho ya depite yamefungwa, macho ya wanainchi njo yanabaki. Vita ni wakati mukandarasi anaweza kuondoka na kusema ni sababu ya vita, na hakuna wa kumuuliza. Na muji huu umepokea watu wengi sana waliokimbia. Maji yanayoingia mu nyumba kwa sababu ya mutaro usiomalizika yanaleta kolera. Kolera haingoji vita iishe.

Wa pili atasema: "Pesa hakuna." Pesa kidogo, ndiyo. Hakuna, hapana. Kila litre ya esanse unayoweka ku pikipiki, unalipia ndani yake kitu cha FONER, mufuko wa kutengeneza barabara, toka sheria ya 2008. Sisi wapikipiki tunalipa barabara kila asubuhi mbele ya kupata mteja wa kwanza. Na Katiba, kifungu cha 175, inasema sehemu ya 40 kwa mia ya mapato ya inchi ni ya majimbo, ikatwe pale pale inapotoka. Tuulize ya jimbo letu inafika ngapi. Hatuombi zawadi, tunafuata chetu.

Basi tunaomba nini? Vitu vitano, na tutaviandika mu barua mutakayotia sahihi kabla ya kutoka hapa.

Moja. Mukataba wa barabara yetu ubandikwe ku ofisi ya kartie: jina la kampuni, bei, muda, na pesa zimetoka wapi. Kama ni mukopo, waandike nani atalipa na mupaka mwaka gani.

Pili. Pano ku shantie, kubwa, yenye mutu anaweza kusoma akiwa ku pikipiki. Na isome kwa Kiswahili pia, si kwa Kifaransa tu.

Tatu. Wale walibomoa wahesabiwe, walipwe, na liste ibandikwe, ili jina la mutu ambaye hajawai kukaa hapa lisiingie ndani.

Ine. Wakaaji watatu wachaguliwe na avenyu zenyewe, waingie ku kila kupima na ku kupokea kazi. Si kijana wa chama, na si mumoja wetu. Sisi tutawafundisha kusoma plani tu.

Tano. Mbele ya kukata kamba, watuambie nani atafagia mitaro, na kwa pesa gani. Matadi iliweza. Barabara isiyo na mwenye kuichunga ni sawa mutoto aliyezaliwa na hana wa kumunyonyesha.

Hatuendi kuchoma magurudumu. Tunaenda na barua, na tutaomba akize de resepsion, ile karatasi yenye cachet. Kama hawajibu kisha siku 15, tutarudi, tutakaa chini mbele ya ofisi, kwa amani, na mawe hayatatupwa hata moja. Wakitukamata, mulete barua ile ile, sahihi zikiwa zimeongezeka.

Na neno la mwisho ni kwetu sisi wenyewe. Siku wakirudi na hema na muziki, tusikimbilie viti. Tusimame na tuombe kuona mukataba kwanza. Tuusome kwa sauti, hapa, mbele ya yule mama. Kama ni muzuri, tutapiga makofi kwa nguvu kuliko siku ile. Kama hatuuoni, mikono ibaki mu mifuko.

Barua iko pale ku meza, na bic mbili. Yule asiyeandika ataweka kidole. Mama wa mbao mbili amekubali kutia sahihi wa kwanza.